Gari la Mwalimu na Sukari Katika Maji

Tik. Kimya. Tik, tik. Kimya tena, kirefu kidogo kuliko cha kwanza. Mlio huo ulitoka chini ya boneti ya gari dogo la rangi ya fedha lililoegeshwa katika uwanja wa nyumba moja mjini Jeddah, asubuhi. Nilipousikia nilimshika mkono mwanamke niliyefuatana naye, nikamwambia kwa Kiswahili, bila kugeuza kichwa, "Usimchekee. Ametudanganya."

Mliozoea magari mnaujua mlio huo. Ni chuma cha injini kinachosinyaa kinapopoa. Gari lililolala usiku kucha halitoi mlio wowote, na dakika mbili kabla mwenye gari alikuwa amenihakikishia kwamba gari lake halijawashwa tangu jana. Hivyo ndivyo nilivyomwelewa. Nasema "nilivyomwelewa" kwa makusudi, na mtaona kwa nini.

Ninawaandikia ninyi mliofika juzi na mikataba ya hospitali, shule na hoteli, mnaotaka gari lenu la kwanza na ambao simu zenu zimejaa picha za magari yanayouzwa na watu binafsi. Mimi nimestaafu. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa nyaraka katika ofisi ya wakala wa mizigo karibu na Bandari ya Jeddah, katikati nikakaa Riyadh miaka kadhaa katika ghorofa moja ya mtaa wa Malaz, kisha nikarudi Jeddah. Lakini Waswahili wa miji hiyo miwili hawanijui kwa nyaraka. Wananijua kama Bi Zuhura wa magari, kwa sababu siku za mapumziko nilikuwa nikifuatana nao kwenda kuonana na wauzaji, nikiwatafsiria na kuwapatania bei. Nilikuwa na shahada ya uzamili katika isimu ya Kiarabu. Niliamini, na hili naliandika kwa aibu, kwamba mtu anayeweza kuchambua sentensi hawezi kudanganywa kwa sentensi.

Aliyenifundisha kazi yenyewe hakuwa na shahada. Ami Seif alizaliwa Jeddah, wazazi wake walipotoka Unguja baada ya mwaka sitini na nne, na maisha yake yote amekuwa dereva na mnunuzi wa magari chakavu. Kiswahili chake ni cha Unguja ya mama yake, Kiarabu chake ni cha mitaani. Mara ya kwanza aliponisikia nikizungumza na muuzaji, alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Weye Zuhura, wazungumza kama taarifa ya habari! Yule bwana kadhani umekuja kumhoji."

"Kiarabu ni Kiarabu, Ami."

"Kiarabu cha vitabu kina nahau. Cha hapa kina njaa. Nyamaza, miye niseme, weye andika."

Basi nikaandika. Nina madaftari sita. Kila gari lina ukurasa wake: nililosikia, nililoona, alilosema mwenye gari kwa maneno yake mwenyewe, na nililoshuku. Safu ya mwisho ndiyo iliyojaa zaidi siku zote.

Niwape machache yaliyomo. Gari la Jeddah huliwa kutoka chini, kwa sababu ya chumvi ya bahari na unyevu. Pigeni magoti mtazame sakafu na viungo vya magurudumu kabla hamjasifu rangi. Gari la Riyadh hukauka kutoka juu: dashibodi hupasuka, mipira ya milango hugeuka biskuti, na vumbi laini hujificha mahali ambapo sifongo haifiki. Ukikuta gari limeoshwa hata ndani ya boneti, muulize mwenyewe kwa upole alikuwa anaosha nini. Ukikuta limeegeshwa karibu na ukuta, mwombe alisogeze, maana upande unaotazama ukuta ndio ulioletewa ukuta. Gusa boneti kwa mgongo wa mkono kabla ya salamu kwisha. Na usilitukane gari la mtu. Mwenye duka la magari atacheka nawe, lakini mtu binafsi anauza kitu alichompelekea mkewe kujifungua. Ukikitukana, bei itapanda kwa hasira tu.

Kisha kuna neno *som*. Hili lazima mlijue siku ya kwanza. Som ni bei ambayo mnunuzi mwingine amekwisha kuitaja. Hapa muuzaji mara nyingi hasemi anataka kiasi gani. Anasema, "Som limefika elfu thelathini," kisha anatazama angani kana kwamba habari hiyo haimhusu. Labda kuna mtu aliyetaja thelathini. Labda mtu huyo ni yeye mwenyewe, mbele ya kioo. Ami Seif alinifundisha kuuliza maswali matatu bila kubadilisha sauti: ni nani aliyesema, alisema lini, na kwa nini hukumuuzia. Baada ya hapo, kunyamaza. Wengi hawawezi kuvumilia ukimya wa mwanamke mwenye daftari.

Huko Malaz, muuzaji mmoja aliniletea som lenye miguu. Tulipokuwa tukisitasita, akatokea bwana mmoja kutoka pembeni mwa jengo, akalizunguka gari, akataja bei ya juu kuliko yetu kwa sauti ya mtu aliyekariri. Niliyekuwa nampatania akaanza kufungua pochi. Mimi nilitazama miguu ya mshindani wetu: alivaa ndala za chooni. Hata kabla sijasema neno, dirisha la ghorofa ya pili likafunguka, na sauti ya mwanamke ikashuka: "Khalid! Chai yako inapoa, na kakako naye apande!" Tulinunua gari lile kwa bei yetu, na tukapewa chai.

Hadithi hiyo nimeisimulia mara nyingi, watu hucheka, na mimi hupata sifa. Hii ya Jeddah sijaisimulia. Ndiyo iliyonitoa kazini.

Mwanamke niliyemshika mkono asubuhi ile aliitwa Mwanajuma, muuguzi kutoka Mombasa, anayeishi Malaz na watoto wake wawili, Nasra wa miaka saba na Rayani wa minne. Alikuwa amekuja kufanya umra pamoja nao, na alitaka kurudi Riyadh akiendesha gari lake mwenyewe. Leseni aliipata miezi miwili kabla. Safari hiyo ni ya mchana mzima, sehemu kubwa jangwani, malori kulia na kushoto. Alinichagua mimi kwa sababu wauguzi wenzake walimwambia kwamba Bi Zuhura hadanganyiki.

Muuzaji alikuwa mwalimu mstaafu, Abu Turki, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ami Seif hakuwepo. Alikuwa amekwenda kung'olewa jino. Nilipomsalimu Abu Turki kwa Kiarabu changu, aliinua nyusi.

"Mashallah. Ustadha?"

Nikamwambia nimesoma isimu. Kuanzia hapo kila sentensi yake ilianza na "ya ustadha", yaani ewe mwalimu, nami nilihisi mgongo wangu ukinyooka. Sasa hivi, nikiandika, nadhani ndipo nilipoanza kupotea.

Kisha nikausikia mlio ule. Tik.

Lazima mwelewe jinsi akili yangu inavyofanya kazi. Nikishapata shaka moja, naipa kiti, naipa maji, naiuliza maswali. Mtu huwasha gari mapema ili kuficha kwamba linasumbua likiwashwa baridi. Kwa hiyo injini ina kasoro. Kwa hiyo tabasamu lake ni la kuficha kasoro. Kwa hiyo hata miwani yenye uzi huenda ni ya kuomba huruma. Nilimuuliza maswali kumi na moja; nimeyahesabu baadaye katika daftari. Yote kumi na moja yalikuwa ya injini. Mafuta ya injini yalibadilishwa lini, moshi ukoje, kuna mtetemo au hakuna, na kadhalika. Aliyajibu yote kwa subira ya mwalimu, na kila jibu zuri nililihesabu kuwa ushahidi wa uongo uliopangwa vizuri.

Mwishowe akakunja mikono, akasema polepole, akitutazama mmoja mmoja: "Ya ustadha, mimi nawauzia *sukkar fi moya*."

Sukari katika maji. Maneno matatu, na kila moja nalijua. Mwanajuma alidaka la kwanza, maana sukari ni sukari popote.

"Yuasema nini kuhusu sukari?"

"Anajisifia," nikamwambia. "Anasema gari lake ni tamu kama maji ya sukari."

"Kwani yuauza gari ama yuauza sharubati?"

Tukacheka. Tulicheka kwa sauti, pale uwanjani. Abu Turki alitutazama kwa mshangao, kisha naye akatabasamu, akainamisha kichwa kama mtu aliyepewa zawadi.

Nikaigusa boneti yenye moto mbele ya macho yake, bila kutukana. Nikataja bei iliyo chini ya aliyokusudia. Alifikiri kidogo, akakubali. Mara moja! Sijawahi kuona mtu binafsi akikubali mara moja, na jambo hilo lilipaswa kunishtua kuliko mlio wowote. Lakini mimi nilijiona nimemnasa.

"Twende kwanza pale kwenye ukaguzi wa kompyuta?" aliuliza Mwanajuma. "Foleni ni ndefu, lakini twaweza kungoja."

Hapa ndipo penye jibu langu, na ninaliandika kama lilivyo: "Hakuna haja. Uongo wake tumeujua, na bei imeshaulipia. Mengine yote anayasifu mwenyewe, tena mtu mzima, mwalimu." Nilifikiri kwamba nikishakamata uongo mmoja nimezimaliza siri zote za gari. Mwanajuma aliniamini. Umiliki ukahamishwa kwa simu kabla ya adhuhuri, na akaniambia ataondoka kesho yake baada ya sala ya mchana, yeye na watoto.

Kesho yake, saa nne asubuhi, nilikwenda kwa Ami Seif kumjulia hali ya jino na, nikiri tu, kujisifu. Nilimsomea ukurasa mzima. Alisikiliza akiwa amejifunga kitambaa shavuni. Nilipofika kwenye sukari, akainua kiganja.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Hivyo hivyo? *Sukkar fi moya?* Hukuongeza wala hukupunguza?"

"Ami, unajua siandiki lisilosemwa."

Akaanza kucheka, akashika shavu kwa maumivu, kisha akaacha kucheka kabisa. "Sukari ukiitia majini huwaje?"

"Huyeyuka."

"Ehe. Sasa nirudishie sukari yangu."

Nikayatazama tena yale maneno matatu katika daftari.

"Huwezi. Ndiyo maana yake hiyo, mwanangu. Wengine husema chumvi katika maji, wengine husema rundo la chuma. Mtu akikwambia hivyo, akwambia: miye sidhamini kitu, kama lina kasoro ninayoijua au nisiyoijua, litazame mwenyewe, ukiondoka nalo usinirudie. Huyo mzee hakukudanganya. Kajivua lawama mbele ya Mungu, kwa mdomo wake, na weye ukamtafsiria mwenzio kuwa ni tamu!"

"Husema hivyo hata kwa gari zima," nilisema. "Huenda ni desturi tu."

"Husema. Ndiyo maana watu huenda ukaguzi. Nyie mlikwenda?"

Nadhani alisoma jibu usoni, maana aliinuka kutafuta simu yangu iliyokuwa chini ya daftari, akaniwekea mkononi. "Mpigie."

Sikupiga. Hili ndilo ninalotaka mlijue zaidi kuliko mambo ya viungo na boneti. Kutoka saa nne ile hadi baada ya adhuhuri nilikaa kwenye zulia la Ami Seif nikifikiri. Kwanza nilijiambia kwamba nikimpigia bila uhakika nitamtia hofu bure barabarani, na dereva mpya mwenye hofu ni hatari kuliko gari lenye kasoro. Kisha nikasema nimpigie kwanza Abu Turki, nimhoji, niwe na taarifa kamili. Kisha nikahofu kwamba Abu Turki atanidanganya, kwa kuwa ndiye aliyewasha injini kwa siri. Nikaanza kuandika ujumbe badala ya kupiga: "Mpendwa Mwanajuma, kuhusiana na tafsiri ya jana, kuna uwezekano mdogo kwamba..." Nikafuta "mdogo". Nikaandika "fulani". Nikafuta vyote. Kiini cha yote hayo sikukiandika popote: wauguzi wote wa Malaz wangejua kwamba Bi Zuhura, mwenye shahada, hakuelewa maneno matatu.

"Waandika tasnifu?" aliuliza Ami Seif kutoka jikoni. "Watoto wangapi mle garini?"

"Wawili."

"Basi waandikie na wao."

Niruke mbele kidogo, ili mjue thamani ya saa zile nilizozipoteza. Fundi alipolinyanyua gari lile, alishika gurudumu la mbele la kushoto kwa mikono miwili na kulitikisa kama mlango mbovu. Kiungo kinachobeba gurudumu kilikuwa kimelika na chumvi. Mjini, kwa mwendo wa taratibu, kingeweza kudumu wiki kadhaa. Kwa mwendo wa barabara kuu hakukubali kukisia. Injini ilikuwa safi kabisa.

Na wiki moja baadaye nilikwenda na Ami Seif kwa Abu Turki. Nilitaka kujua kuhusu mlio. Alishangaa.

"Nililiwasha nusu saa, ndani ya uwanja wangu, kiyoyozi kipoze viti. Mlikuwa mnakuja wanawake."

"Uliniambia halijawashwa tangu jana."

"Nilikuambia sijalitoa tangu jana. Sikulitoa."

Nikafungua daftari. Alikuwa amesema sawasawa, sijalitoa, na mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeliandika. Kichwa changu ndicho kilichosoma jingine.

"Na gurudumu?"

"Kulikuwa na sauti upande wa kushoto kwenye matuta. Sikujua ni nini, mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia. Ndiyo maana nilisema yale maneno. Ungeniuliza, ningekuonyesha. Uliuliza injini, injini, injini. Kisha nikasema *sukkar fi moya*, mkacheka. Nikamwambia mke wangu, Waswahili hawa wana moyo mkubwa kweli."

Alitaka kuchangia gharama ya fundi. Mwanajuma, nilipompigia, alikataa, kwa kuwa bei aliyopewa ilikuwa tayari ya chini mno. Hapo nilitambua jambo la pili: bei niliyojivunia haikuwa ya haki kwa yeyote. Nilikuwa nimempunja mtu mkweli kwa sababu ya kasoro isiyokuwepo, na nimemuuzia rafiki yangu kasoro ambayo sikuitafuta. Tangu siku hiyo sijampatania mtu gari. Nawaandikia tu.

Shuku, vijana wangu. Siwaambii msishuku, miji hii ina Khalid wengi wenye ndala. Lakini shaka yenu izunguke gari lote, mpaka na ninyi wenyewe mliosimama kando yake. Mkisikia neno msilolijua, ulizeni. Mkisikia neno mnalolijua sana, ulizeni mara mbili.

Nirudi sasa kwenye zulia lile. Adhana ya adhuhuri iliisha, Ami Seif akasali, akatoa salamu, akanikuta nimekaa palepale na simu.

"Zuhura," alisema, na safari hii hakutania. "Kama aibu, itakuwa yako. Ajali itakuwa ya wale watoto."

Nikapiga. Iliita mara tano. Ya sita ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya Mwanajuma nikamsikia Rayani akiimba.

"Dada Zuhura! Nilikuwa nataka nikupigie nikuage. Tuko petroli steshen ya mwisho hapa tukitoka mji, tumeswali papa hapa. Nimeshajaza tangi, watoto wamefunga mikanda. Gari hii yenda vizuri wallahi, watoto wanitoa roho kwa furaha yao."

Nilikuwa nimepanga utangulizi. Nilikuwa na sababu nilizozipanga kwa mfuatano, kuanzia nyepesi hadi nzito. Hakuna hata moja iliyotoka.

"Mwanajuma, zima gari. Washushe watoto."

Sikusikia swali. Nilisikia ufunguo, mlango, na sauti yake ikigeukia nyuma, kali kidogo, ya mama: "Nasra, mfungue ndugu yako. Shukeni. Simameni pale kivulini, nyote wawili." Kisha hatua zake juu ya changarawe, na pumzi yake karibu na simu.

"Haya," alisema. "Wameshuka. Yule mzee ametufanyia nini?"

"Hakutufanyia kitu," nikasema. "Ni mimi."